Riwaya za Kikristo Zisomwe, na Zipimwe

Kijana akionekana ameinamia kitabu cha hadithi, wengi wetu humhesabu kuwa hana kazi. Akiwa kijana wa kanisani lawama huongezeka: mbona husomi Neno? Mzee wa kanisa akiikuta riwaya juu ya benchi la kwaya huigeuza aone jalada lake, akatafuta mahali palipoandikwa jina la Yesu. Akiliona, huirudisha kwa tabasamu. Asipoliona, huitia mfukoni, na baada ya ibada kijana huitwa pembeni. Nasema mzee huyo hukosea mara mbili: huishuku riwaya asiyoisoma, na vibaya zaidi, huiamini nyingine ambayo nayo hakuisoma.

Leo nataka tuzungumze juu ya zile zinazofaulu mtihani wa jalada. Nyingi zimetoka Marekani. Huja ndani ya makasha ya misaada yanayoletwa vyuo vya Biblia na parokia, huuzwa kwa bei ya chini na wachuuzi wa vitabu vya mitumba, na siku hizi husomwa kwenye simu usiku taa zikiwa zimezimwa. Zipo za mapenzi, za upelelezi, za mauaji, za mashetani na za mwisho wa dunia. Mabinti zetu wanazisoma na kupeana. Wazazi hawana habari ya yaliyomo, ila wanaambiwa ni vitabu vya Mungu.

Kwanza niwajibu wanaosema kwamba hadithi ni uongo, na aliyeokoka hana haja nayo. Ndugu zangu, someni tena Samweli wa Pili sura ya kumi na mbili. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria amewekwa mstari wa mbele vitani mpaka akafa. Nabii Nathani anatumwa kwa mfalme. Hakuanza na amri ya sita wala ya saba. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo tele na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake kama binti. Mgeni alipofika, tajiri aliacha mifugo yake akamchinjia mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri afe, naye hajui bado kwamba anajihukumu mwenyewe. Mahubiri yangemkuta mfalme amejifunga silaha. Hadithi ilimkuta yuko upande wa maskini. Yule tajiri hakuwako, wala maskini, wala kondoo. Je, Nathani alisema uongo?

Basi hoja ya uongo iishie hapo. Wakristo wamekuwa wakibuni hadithi kwa muda mrefu. John Bunyan, fundi wa kuziba vyombo wa Bedford, Uingereza, alifungwa miaka mingi kwa kuhubiri bila ruhusa, na mwaka 1678 akatoa habari za msafiri aliyebeba mzigo mgongoni, ambazo zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa na babu zetu. Biashara hii tunayoiona leo ni changa zaidi. Mwaka 1967 Catherine Marshall alitoa Christy, habari za msichana mwalimu katika milima ya Appalachia. Mwaka 1979 Janette Oke wa Kanada alitoa Love Comes Softly, ya mjane kijana anayeolewa na mwanamume asiyemjua kwa sababu baridi inakaribia na mwanamume huyo ana mtoto asiye na mama. Wachapishaji wakaona kwamba wanawake wa makanisani wana kiu. Toka hapo mlango haukufungwa tena. Frank Peretti alikuja na mashetani yake mwaka 1986, na mwaka 1995 Tim LaHaye na Jerry Jenkins wakaanza Left Behind, mfululizo uliofika vitabu 16 na kuuza zaidi ya nakala milioni 60.

Wachapishaji hao walikuwa na masharti yao. Matusi yasiwemo. Mambo ya chumbani yaishie mlangoni. Pombe, ikiwezekana, anywe mtu mwovu. Na mwishoni lazima awepo mtu anayepiga magoti. Sharti la matusi silipingi, kwa kuwa watoto wetu wanayajua ya kutosha bila kusaidiwa. Ninalolalamikia ni la mwisho, nami nitalirudia.

Hebu tukiangalie kitabu kimoja kwa karibu, maana kusema juu juu hakumsaidii mtu. Francine Rivers alikuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi za kawaida kabla hajaokoka. Baadaye aliandika Redeeming Love, iliyotoka mwaka 1991, kisha ikasafishwa na kutolewa upya mwaka 1997 kwa ajili ya wasomaji wa Kikristo. Mwaka 2022 ikafanywa filamu. Amekichukua kitabu cha nabii Hosea akakihamishia California, wakati watu walipokimbilia dhahabu katika miaka ya 1850. Angel ameuzwa kwenye ukahaba tangu utotoni. Michael Hosea ni mkulima mcha Mungu. Anamwona akipita mjini, na sauti ya Mungu inamwambia kwamba huyo ndiye mkewe.

Nawaomba msikidharau kitabu hiki. Kina ujasiri. Hakifichi aliyotendewa yule mtoto, wala hakidai kwamba mtu aliyevunjwa hivyo anapona kwa sala moja. Angel anaolewa na anatoroka, anarudishwa, anatoroka tena. Mwisho anaishi San Francisco mbali na mumewe, anawasaidia wasichana wengine kutoka katika ukahaba, na anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Nawajua wachungaji ambao wangemweleza mwanamke wa namna hiyo kwa dakika mbili, halafu wakamtuma jikoni.

Lakini tazameni ndoa yenyewe ilivyofungwa. Angel amepigwa karibu na kufa, yuko kitandani hajitambui sawasawa, na ndipo anapoulizwa kama atakubali kuolewa. Msomaji wa Marekani huenda akapita hapo bila kusimama. Msomaji wa kwetu asipite. Nani katika vikundi vyetu vya maombi hajamsikia kijana anayemfuata binti na kumwambia, "Dada, Bwana amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu"? Ameoteshwa, amefunuliwa, amethibitishiwa na mtumishi fulani. Binti akisema hapana, haambiwi kwamba amemkataa Petro au Yohana; anaambiwa amemkataa Mungu. Tunao mabinti walioingia katika ndoa za mateso kwa hofu ya kuasi ufunuo ambao wao wenyewe hawakuupata. Binti huyo akisoma habari za mwanamume aliyesikia sauti, na sauti ikawa kweli, na mume akawa mpole, mvumilivu na mchapakazi asiye na doa, atajitetea kwa neno gani jioni atakapofuatwa baada ya mazoezi ya kwaya?

Na huyo Michael ni mwema mno. Hosea wa Biblia analia, anakasirika, anatishia. Anamnunua mkewe kwa vipande kumi na vitano vya fedha pamoja na shayiri, na hatuambiwi Gomeri alijibu nini. Nabii aliacha kimya pale ambapo riwaya imeweka furaha. Simkatazi binti yeyote kusoma kitabu hiki, ila akikifunga ajiulize ni wapi mwanamke alipewa nafasi ya kusema ndiyo akiwa mzima.

Zile za taharuki nazo zina hatari yao. Katika This Present Darkness, Peretti anatupeleka Ashton, mji mdogo ambako mchungaji na mwandishi wa habari wanagundua njama ya kuuteka mji mzima. Juu ya mapaa malaika na mashetani wanapigana kwa panga, na malaika hupata nguvu kadiri watakatifu wanavyoomba. Ni hadithi inayokwenda mbio, nami sioni aibu kusema inasisimua. Huko ilikoandikwa iliwaamsha watu waliosahau kwamba kuna ulimwengu usioonekana. Kwetu nani amesahau? Tatizo letu ni kwamba tunauona kila mahali. Mtoto akiugua, biashara ikianguka, ng'ombe akifa, jambo la kwanza ni kutafuta nani amefanya. Kule Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kupikia miaka hamsini. Kitabu kinachomfundisha msomaji kwamba nyuma ya kila jirani mbaya liko pepo lenye jina, kikimwangukia mikononi mtu ambaye tayari ana jirani anayemshuku, kinaweza kumpa silaha. Peretti hakuwaandikia watu wa Shinyanga, wala hatuwezi kumdai alilolifanya mwingine. Ila mchungaji anayewaazima vijana wake kitabu hicho awaambie wazi kwamba ni riwaya, si mwongozo wa maombi wala orodha ya washukiwa.

Left Behind nitaipita haraka. Rubani yuko angani na ndege imejaa abiria, wengine wanatoweka viti vyao vikibaki na nguo tupu. Mwanzo mzuri sana wa hadithi. Shida ni kwamba wako watu wanaoisoma kama ratiba ya gari moshi, wakahesabu vita vya kwenye redio na kumtafuta mpinga Kristo katika kila kiongozi wa Ulaya. Waliobuni walibuni. Tuwaachie ubunifu wao.

Sasa nirudi kwenye magoti ya ukurasa wa mwisho. Sisi watu wa ushuhuda tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Ndugu akisimama mbele na kusema alikuwa mlevi, mwizi, mzinzi, kanisa zima linanyamaza na waliosinzia wanaamka. Akifika pale alipookoka, sehemu iliyobaki ni ya haraka: Bwana asifiwe, amekaa. Deni alilokopa na kutolilipa, mtoto aliyemtelekeza Tabora, mke aliyemvunja mkono, hayo hayasimuliwi. Riwaya nyingi za Kikristo zimeiga ushuhuda huo. Kurasa mia tatu za msukosuko, halafu sala, na kila fundo linafunguka: kansa imepona, mume amerudi, muuaji amekamatwa.

Yesu hakusimulia hivyo. Chukueni ile habari ya mwana mpotevu. Karamu imepamba moto ndani, na kaka mkubwa yuko nje amekasirika. Baba yake anatoka kumsihi. Je, aliingia? Hatuambiwi. Na waliokuwa wakisikiliza ni Mafarisayo, yaani kina kaka mkubwa wenyewe, kwa hiyo sura ya mwisho iliachwa mikononi mwao. Kitabu cha Yona nacho kinakwisha kwa swali la Mungu, nabii akiwa bado amenuna. Mwandishi anayefunga kila kitu anatunyima kazi tuliyoachiwa na Bwana mwenyewe. Hadithi ya namna hiyo ni uji wa mgonjwa: unamezeka, lakini mtu mzima hawezi kulima kwa nguvu zake.

Tena tusidhani kwamba riwaya inamtumikia Kristo kwa kumtaja tu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume. Waliokereka walimwona Rosa anavyoanguka. Hawakutaka kumtazama Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa ukatili kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlea katika hofu mpaka binti huyo alipotoka mikononi mwake asijue kujiongoza. Kitabu hicho hakina msalaba kwenye jalada, na mwisho wake ni mchungu. Lakini kinamfikia mzazi kama Nathani alivyomfikia mfalme. Kina mama na kina baba wa vikundi vya kanisa wangekisoma pamoja na kukijadili, nadhani wengi wangerudi nyumbani kimya.

Kwa hiyo, wazazi, acheni kunyang'anya vitabu. Ombeni kuazimwa. Binti yako akijua kwamba utakisoma baada yake, mtakuwa na mazungumzo ambayo mahubiri ya vijana hayajayaleta kwa miaka yote hii. Muulizeni kama anamwamini mhusika, na kama angekubali kuolewa na Michael huyo, na kwa nini. Nanyi wachungaji, makabati ya vitabu vya misaada yafunguliwe. Riwaya hazikuletwa zije kuliwa na mchwa. Wekeni jioni moja kwa mwezi, msome kimoja, na asiwepo mtu wa kutoa neno la mwisho.

Nanyi mnaoandika, au mnaojiambia kwamba siku moja mtaandika: mitambo iko. Central Tanganyika Press ya Dodoma na Wabenediktini wa Ndanda wamechapa vitabu vya Kikristo kwa vizazi, kwa Kiswahili tunachokielewa sote. Pelekeni miswada ya riwaya. Si lazima California. Andikeni habari za mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, ambao Jumapili wanakaa naye benchi moja. Andikeni za mwinjilisti asiyelipwa mshahara miezi sita na anayeombwa kila wiki ahubiri juu ya sadaka. Andikeni za mtunza hazina aliyekula fedha za harambee ya paa. Mkifika kwake, msimlize madhabahuni kwa sababu tu kurasa zimekwisha. Kama amejenga nyumba kwa fedha zile, tuambieni kama nyumba hiyo iliuzwa na fedha zikarudi, au watoto wake wanaendelea kulala ndani yake mvua za masika zikiwanyeshea waumini.