Uvimbe Usiouma Nao Ni Jambo la Chama



Wako wenzetu wanaosema kuwa chama ni mshahara na saa za kazi basi, na habari za matiti na kizazi waachiwe akina mama huko nyumbani. Hatukubali. Hao akina mama tunaingia nao shambani na kiwandani alfajiri ile ile.

Mama akigusa kiuvimbe kwenye titi hukinyamazia, maana mara nyingi hakiumi. Tena anaogopa kukatwa siku. Kibarua asiyefika kazini hana ujira, na kutoka Bwera hadi Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, ni zaidi ya kilomita 300. Nauli ikipatikana, miezi imekwisha kupita.

Anayemhitaji ni daktari bingwa wa picha. Wengi hudhani huyu ni mtu wa kubonyeza kidude tu. Sivyo. Mpiga picha hupiga, bingwa huisoma. Hapa Uganda njia yake ni miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, kisha miaka 3 ya ubingwa. Akitaka kushika matiti na kizazi hasa, anaongeza mafunzo tena. Ndiye anayejua kuwa titi la msichana lina nyama nzito ambayo eksirei haipenyi vizuri, hivyo altrasaundi itangulie. Ndiye anayeongoza sindano mpaka penye uvimbe, kipande kidogo kitolewe kikapimwe maabara. Tumboni hutenganisha uvimbe wa kawaida wa nyumba ya uzazi na ule wa kutiliwa shaka. Ila saratani ya mlango wa kizazi, inayowashika wanawake wa Uganda kuliko nyingine zote, ikiwa changa haionekani kwa picha. Ina kipimo chake. Akina mama wakidai hicho nacho.

Kwa hiyo tusishangilie mashine peke yake. Mashine bila msomaji ni sanduku.

Tutaambiwa Bwera ni mbali mno kwa mambo makubwa. Lakini Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, Bwera ilikuwa na mahali tayari pa kuwatenga na kuwatibu wagonjwa. Pakitakiwa, panawezekana.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke afike hospitalini na dalili za titi, ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60. Bingwa serikali ndiyo ya kumleta, nasi tutaidai. Siku ya kupimwa yenye mshahara kamili, pamoja na nauli, ni ya mwajiri, na hiyo tutaiweka mezani kwenye mazungumzo yajayo.

Matawi ya Kasese na Bwera yatuletee hesabu kabla ya hapo: ni wanawake wangapi waliokatwa ujira kwa kwenda hospitali. Majina msiandike. Idadi inatosha.