Mtoto wa Kiume Kuitwa Maria



Jumamosi moja, siku ya kuandikisha watoto wa ubatizo, waliingia ofisini baba na mama na mtoto wao mchanga. Nikauliza jina. Mama akajibu, "Yohane Maria."

Baba akadakia: "Karani, andika Yohane, ukomee hapo. Maria ni jina la kike. Akienda kuchunga, wenziwe watamcheka."

Mama akainama kimya. Siku mbili za uchungu alikuwa amemwomba Bikira Maria, akaahidi jina lake. Basi nikaweka kalamu chini, nikawasimulia.

Jina hili asili yake ni Ufaransa. Huko huandikwa Jean-Marie, maneno mawili yaliyofungwa kwa kistari, nalo huhesabiwa jina moja. Neno linalotangulia ndilo linaloonyesha: Jean-Marie ni mwanamume, Marie-Jeanne ni mwanamke.

Anayejulikana kuliko wote ni Jean-Marie Vianney, aliyezaliwa Dardilly, karibu na mji wa Lyon, mwaka 1786. Alikuwa mtoto wa mkulima, mchunga kondoo kama watoto wetu. Kilatini kilimtesa sana, lakini akapata upadre mwaka 1815. Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi, akakaa huko mpaka kufa kwake tarehe 4 Agosti 1859. Watu walitoka mbali kuungama kwake, hata siku nyingine aliketi katika kiti cha maungamo saa 16. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925.

Mwingine ni Jean-Marie Lustiger. Huyu alizaliwa Paris mwaka 1926, mtoto wa Wayahudi, akaitwa Aron. Alipobatizwa mwaka 1940 hakulitupa jina la wazee wake, bali aliongeza Jean-Marie. Mama yake aliuawa Auschwitz. Mwana akawa Askofu Mkuu wa Paris tangu 1981 mpaka 2005, tena Kardinali.

Baba akasema, "Hao ni Wazungu, Karani. Sisi je?"

Nikamjibu: Mapadre Weupe kutoka Ufaransa walifika Buganda mwaka 1879, wakaja na majina ya kwao. Kijana mmoja akabatizwa Jean-Marie. Waganda wakalitamka kwa ulimi wao: Jamari. Ndiye Yohane Maria Muzeyi. Hilo Muzeyi maana yake ni mzee, kwa kuwa alikuwa na busara kupita umri wake. Tarehe 27 Januari 1887 alikatwa kichwa kwa ajili ya dini, wa mwisho katika wale Mashahidi 22. Papa Paulo VI alimtangaza Mtakatifu pamoja na wenziwe mwaka 1964. Nani atamcheka mwanamume huyo?

Baba alimtazama mtoto, kisha mkewe. Akasema, "Andika yote mawili."

Wazazi wapenzi, msichague jina kwa kusikia utamu wake tu. Ulizeni nani alilichukua kabla ya mtoto wenu, mkamsimulie akikua. Na likiwa la maneno mawili, liandikwe hivyo hivyo kanisani, shuleni na serikalini. Nimewaona vijana wakihangaika kwa kuwa cheti kimoja kinasema Yohane na kingine Maria, kana kwamba ni watu wawili.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi, Karani wenu.