Kiwanja Kilinyakuliwa, Kijana Ndiye Anayelaumiwa

Kila kijana wa Eastlands akamatwapo, wakubwa huuliza wazazi wake walikuwa wapi. Sisi twauliza: kiwanja chake kilikwenda wapi? Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, viwanja vya michezo vikiwamo. Mtoto wa Kaloleni au Dandora aliyezungushiwa mabati uwanjani hubakia na kona ya mtaa, na kona ina walimu wake. Kule Mathare, chama cha MYSA kimefunza tangu 1987 kwamba vijana wenye mpira hata mitaro huzoa.

Mnyakuzi hujikinga kwa hati, kisha humuuzia asiyejua. Nchini Marekani mnunuzi hukata bima ya hati, alipwe kasoro ya kale ikifichuka; bima hiyo, hata hivyo, haimrudishii mtoto uwanja. Hapa kwetu, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023, kuhusu uwanja wa umma Mombasa, kwamba nia njema ya mnunuzi haiihalalishi hati iliyozaliwa na ugawaji haramu.

Kwa hiyo, ewe unayetamani ploti Umoja au Kayole, usitosheke na msajili wa ardhi. Waulize wazee wa mtaa: hapa palichezwa nini?