Kukariri si Kujua Kiingereza

Yapo mazoea ya shule zetu ambayo siwezi kuyanyamazia, na mojawapo ni hili la kufundisha vitenzi vya Kiingereza kwa orodha. Nazungumzia vile vitenzi vifupi vinavyofuatwa na kijineno kama "up", "off" au "out", maana yake ikageuka kabisa. "Give" ni kutoa. "Give up" ni kukata tamaa. "Give in" ni kusalimu amri.

Katika shule ya sekondari niliyosoma, mwalimu alijaza ubao vitenzi arobaini kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja na maana yake mkabala. Tulinakili. Ijumaa tulipewa jaribio, na waliokariri vizuri walipigiwa makofi. Juma lililofuata daftari zilifungwa, na vitenzi vikafungwa humo humo. Sikumsikia hata mmoja wetu akivitumia kuomba, kukataa wala kusimulia. Nasema bila kuuma maneno: huko si kufundisha lugha, ni kujaza ghala.

Wapo wanaodai kwamba vitenzi hivi ni vigumu kwa asili yake, kwa hiyo hakuna njia ila kukariri. Ugumu siukatai. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba hapa ndipo wageni hutaabika zaidi. Lakini Mswahili ni mtu wa mwisho kulitishikia jambo hili. Sisi tunakata tamaa bila kisu, tunakula njama bila sahani, tunapiga simu, pasi, picha na mbizi, wala hakuna anayeumia. Ni mtoto gani aliyepewa orodha ya "piga"? Aliyasikia maneno yakifanya kazi, akayatumia, akasahihishwa, akazoea.

Wengine husema ati hayo ni maneno ya mitaani, msomi atosheke na "postpone", aachane na "put off". La hasha! Ni kweli kwamba katika barua rasmi neno moja mara nyingi hufaa zaidi. Lakini C. K. Ogden alipotoa Kiingereza chake cha maneno 850 mwaka 1930, aliweza kubakiza vitenzi 18 tu, kwa kuwa "go", "put", "get" na wenzake, vikiungana na vijineno, hubeba mzigo wa vitenzi vingi mno.

Tena, vitabu vyenyewe vya sayansi vimejaa maneno hayo. Nchini Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukabidhiwa masomo kwa Kiingereza. Huko mtoto hukuta kitu fulani "gives off" gesi, tumbo "breaks down" chakula, naye aambiwe "carry out" jaribio. Anayajua "give", "break" na "carry", ila somo halielewi. Mwisho huitwa mjinga wa kemia, na kumbe kilichomshinda ni kijineno cha herufi tatu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tufanyeje basi? Mwalimu achague vitenzi vitano kwa juma, vya jambo moja. Tuseme ni siku ya mtu: "wake up", "get up", "put on", "set off", "come back". Kila mwanafunzi asimulie siku yake, amuulize mwenzake, kisha aandike barua. Juma la pili vitenzi hivyo virudi, pamoja na vitano vingine. Kanuni ifuate matumizi: husemwa "turn off the radio" na pia "turn the radio off", lakini kwa kiwakilishi ni "turn it off" tu; ilhali "look after" haitenganishwi, husemwa "look after it". Na pale Kiswahili kinapofupisha safari, kitumike bila aibu.

Mtaniambia mtaala ni mrefu na vitenzi vitano ni vichache. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Vitano vinavyotumika vinashinda arobaini vilivyolala daftarini, na mtoto aliyevizoea atafungua kitabu chake cha sayansi akisome somo lenyewe.