Mashahidi wa Kadzama Moja

Rafiki zangu wawili, mume na mke, walitimiza miaka 30 ya ndoa hivi majuzi, na sisi wenzao wa tangu ujana tukaona si vyema siku hiyo ipite kimya. Mashauriano yakafanyika nyumbani kwangu Mikindani. Mmoja wetu alipendekeza hoteli ya ufuoni Nyali, mahali pa kuletewa mvinyo wa zabibu wa Afrika Kusini na kupigwa picha. Bibi mwenye sherehe ndiye aliyekata shauri. Alisema kama ni mvinyo, basi twende ulikotoka ule wa posa yake, yaani kwao Kaloleni.

Jumamosi asubuhi tukaondoka watu wanane kwa gari la kukodi. Tulipita Jomvu na Miritini, tukaiacha barabara kuu ya Nairobi pale Mazeras na kushika njia ya Rabai. Safari yenyewe si ndefu, na ni ajabu kwamba sisi wakazi wa bara ya Mombasa twaijua zaidi njia ya Nairobi kuliko hii. Rabai ndipo Krapf alipoanzisha misheni mwaka 1846, na kaya yake ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Lakini kinachompokea mgeni kwanza ni minazi, kila mmoja na vidato vyake vya kupandia, neno lile lile ambalo wanafunzi wetu huhesabia madarasa ya sekondari.

Mvinyo wa zabibu huwekwa ghalani miaka mingi na kusifiwa kwa uzee wake. Wetu hauna subira hiyo. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akalikata karara kwa kotama, tone kwa tone utomvu ukajaa kibuyuni. Likishuka ni tembo tamu hata mtoto angelinywa; jioni limeanza kuchacha, kesho yake ni kali, na baada ya hapo huwa siki. Kwa hiyo anayeutaka mvinyo huu hana budi kuufuata. Tena karara lililogemwa halizai nazi, kwa hivyo kila kibuyu ni nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa. Wenyeji huliita tembo hilo uchi, na watu wa mjini wasiojua hucheka.

Jioni ile ndugu wa bibi yule walileta kadzama, kile kibuyu kikubwa cha wazee, na mirija yake. Mwenzetu wa Kisauni, ambaye dini yake haimruhusu, aliangushiwa madafu, na kwa mizaha alitushinda sote. Ni yeye, katika mizaha hiyo hiyo, aliyeuliza: "Mimi cheti changu cha nikahi nilipewa na kadhi. Chenu nyinyi kiko wapi?"

Wenye sherehe wakatazamana. Hawakuwa nacho. Baba mdogo wa bibi, mzee aliyekuwa ameketi kimya muda wote, ndiye aliyejibu. "Mwanangu, siku ile tuliinywa kadzama watu sita, hapo mwembeni. Watano wamekwenda. Karatasi yao iliyobaki ni mimi."

Tangu hapo sikunywa tena kwa raha. Naam, kwa desturi ya Mmijikenda tembo la mahari halikuwa la kulevya wageni. Lilinywewa hadharani ili wazee walioonja waweze kusema kesho na keshokutwa: tulikuwapo, binti alitolewa. Mtaalamu David Parkin alipochapisha kitabu chake kuhusu Wagiriama mwaka 1972, alikiita Palms, Wine, and Witnesses, na nadhani jina hilo lilitosha. Sisi tumeubakiza ulevi, na ushahidi tunauzika pamoja na wazee. Mangweni, kuanzia Likoni hadi Kisauni, nimeona mishahara ikiteketea. Sina nia ya kuyapamba hayo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikuidharau mila. Inaitambua ndoa ya kimila, na inasema kwamba pale mahari yanapohitajika, kutolewa kwa sehemu ndogo tu kunatosha kuithibitisha. Usajili wa ndoa hizo ulianza mwaka 2017. Waliooana kabla yake walitakiwa nao waandikishe, lakini ni wangapi mitaani kwetu waliofanya hivyo? Nawajua wajane wa Changamwe waliofika ofisini kudai haki za waume zao wakaulizwa cheti, wakakosa la kusema, ilhali kijiji kizima kilikunywa harusi yao. Kijiji hicho sasa ki kaburini.

Jumapili, tulipokuwa tukirejea, bwana mwenye sherehe hakusema neno hadi Mazeras. Hapo akaniuliza kama yule mwenye gari angekubali kurudi Kaloleni katikati ya juma kumchukua baba mdogo, maana mzee hawezi matatu tena, na miguu yake haitamngoja msajili. Nimekwisha kulilipia gari. Ni Jumatano, na mzee ametuma neno kwamba atashuka na kibuyu chake.