Daktari wa Kihadzabe Atatoka Wapi?

Makamanda, mkisikia Samia Skolashipu inasifiwa majukwaani, ulizeni na vigezo vyake. Tangu 2022 inakwenda kwa waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Sina shida na kumzawadia aliyefaulu. Nauliza tu: hao wanaoongoza wengi wao wametoka shule za namna gani? Zenye maabara na walimu wa fizikia wa kutosha. Mtoto wa Kihadzabe kule Ziwa Eyasi au wa Kibarabaig kule Hanang, aliyesoma kemia ubaoni tu, hata akifaulu vizuri hawezi kuwapita.

Huyo anabaki na mkopo, ambao akiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Halafu tunashangaa eti madaktari hawataki kwenda vijijini! Mwenye deni atafuata penye pesa, na pesa haiko Mang'ola.

Wamarekani, pamoja na madhambi yao yote kwa wenyeji wa asili, hapa wana cha kutufundisha. Mwaka 2020 chuo cha udaktari wa ostiopathia kilifunguliwa Tahlequah, Oklahoma, ndani ya ardhi ya Wacherokee, kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha jimbo na Wacherokee wenyewe. Madaktari wa ostiopathia kule wana leseni kamili: wanaandika dawa na wanapasua. Darasa la kwanza lilihitimu 2024, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa mwenyeji wa asili. Upo pia ufadhili wa serikali kuu kwa wanafunzi wa jamii hizo. Unalipiwa masomo, kisha unatumikia vituo vya afya vya wenyeji mwaka mmoja kwa kila mwaka uliolipiwa, usiopungua miwili. Hudaiwi shilingi, unadaiwa kazi.

Najua majibu ya CCM. Kwanza, "mnashusha viwango". Hapana. Wa Tahlequah wanafanya mitihani ya leseni ileile ya wenzao wa ostiopathia nchi nzima. Anayesaidiwa analipiwa ada, hapewi maksi.

Pili, "mnaleta ukabila". Hili ni zito kwa nchi yetu, na sitalikwepa. Basi tusihesabu makabila, tuhesabu kata. Kata ambazo hazijawahi kutoa daktari hata mmoja zipewe nafasi zao za ufadhili, mtoto yeyote aliyesoma huko aombe, Mhadzabe, Mmang'ati au Mwiraqw. Asaini mkataba wa kurudi kutumikia wilaya yake, na serikali nayo isaini kwamba akirudi atakuta ajira, nyumba na dawa. Bila hiyo ahadi ya pili tutakuwa tumemfunga kijana wa watu.

Kazi yetu sasa ni moja. Kila tawi liulize kwenye kata yake: daktari wa mwisho kutoka hapa ni nani? Orodha hiyo tukiwa nayo, wabunge wetu wataingia kwenye bajeti wakiwa na majina ya kata, siyo kelele.