Masikio ya Mtoto: Ni Kurekebisha au Kubadili Maumbile?

Mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki moja ya Nairobi. Baraza la madaktari likaifunga kliniki ile, na huku kwetu barazani mjadala ukawaka. Wengi walisema kwamba hayo ndiyo malipo ya mtu asiyeridhika na umbo alilopewa na Mola wake. Ni maneno mazito kumsemea maiti, lakini hayo tuyaache. Linalotushughulisha leo ni kwamba hukumu ile ilitolewa kwa jumla, ikawakumba hata wasioutafuta urembo. Miongoni mwao wamo watoto waliozaliwa na masikio yaliyochomoza.

Tuchukue mfano wa Khwisero. Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda asiijue, ijapokuwa misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikifika Mumias, si mbali na hapo, tangu zama za Nabongo Mumia, na Uislamu ukatia mizizi huko. Khwisero iko kusini ya Kakamega. Imepakana na Butere upande mmoja na Siaya upande mwingine, na ni nchi ya mashamba madogo na shule nyingi. Katika shule hizo, kama zilivyo nyingi za Kenya, wanafunzi hukatwa nywele zikawa fupi, wasichana kwa wavulana. Binti wa pwani mwenye masikio yaliyotoka nje hujitanda mtandio wake, asijue mtu ila mama yake na dada zake. Binti wa Khwisero hana pa kuyaficha. Ama kwa mvulana, Khwisero na Kisauni ni mamoja, kwani hata kofia yetu ya kazi ya mkono, kwa uzuri wake wote, haifuniki masikio. Akishaitwa "popo" siku moja, jina hilo humfuata mpaka ndevu zimuote.

Masikio haya si ugonjwa, wala hayapunguzi kusikia. Gegedu la sikio huwa na mkunjo unaolilaza karibu na kichwa. Mkunjo huo usipofanyika vyema tumboni mwa mama, au kibakuli cha sikio kikawa na kina kikubwa mno, sikio husimama. Mara nyingi ni jambo la ukoo, na mama asilaumiwe kwamba alimlaza mtoto vibaya. Daktari hukata ngozi kwa nyuma, akalikunja gegedu na kulishona kwa nyuzi ili libaki mahali pake. Kwa kawaida humngoja mtoto afikie miaka 5 au 6, kwa sababu umri huo sikio limekaribia ukubwa wake wa mwisho, na pia shule inaanza, nayo dhihaka inaanza.

Dhihaka hii haina ugeni. Mwaka 1881 daktari Edward Ely wa New York aliandika habari za upasuaji wa namna hii, na mgonjwa wake alikuwa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akichekwa na wenzake. Mvulana yule na wa Khwisero wametenganishwa na bahari na zaidi ya karne, lakini kilio chao ni kimoja.

Sasa tuje kwenye sharia, maana ndipo wasomaji wetu wengi wanaposimama. Aya ya 119 ya Sura An-Nisaa inataja vitimbi vya shetani: kuwaamrisha watu wakate masikio ya wanyama, na wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Aya imetaja masikio kwa jina lake, na si ajabu mzee akiisikia akatishika. Lakini upande wa pili kuna hadithi ya sahaba Arfaja, aliyekatika pua vitani. Alijiwekea pua ya fedha, ikamharibikia kwa uvundo, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini hapo iliruhusiwa ili mtu apate uso wa kukaa nao mbele za watu.

Wanavyuoni wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, walipokutana Putrajaya nchini Malaysia mwaka 2007, walilipima jambo hili kwa kipimo cha dhara. Kasoro ya kuzaliwa nayo, ikiwa inamletea mtu dhara kubwa ya mwili au ya nafsi, yaruhusiwa kurekebishwa. Upasuaji wa kufuata matamanio na kuiga sura za watu mashuhuri haufai. Kwa maoni yetu kipimo hicho kinatosha, ila kina mzigo wake: dhara ni ya mtoto, si ya mzazi. Mama anayeona haya kumpiga picha mwanawe, hali mtoto mwenyewe anacheza na kulala usingizi wake vizuri, hajapata udhuru.

Na sisi wa pwani tusijifanye wageni wa kutia chuma masikioni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kuwatoga watoto wa kike ni jeraha lisilo na dharura. Hata hivyo bibi zetu walitogwa ndewe wakavaa majasi, na wengine wakatogwa ukingo mzima wa sikio. Ndewe lilipochanika kwa uzito wa pambo, hakuna aliyesema ni haramu kulishona. Huko bara, Wanandi na Wamasai waliovuta ndewe zao kwa mila wamekuwa wakienda hospitali kushonwa, zama zilipobadilika.

Tatizo la Khwisero, basi, si fatwa. Ni nauli. Madaktari wa upasuaji wa namna hii ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mwaka 1957 Michael Wood, pamoja na Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha AMREF, na wote watatu walikuwa mabingwa wa fani hii. Walipanda ndege wakawafuata wagonjwa wa mashambani, wenye midomo iliyopasuka na makovu ya moto. Leo fani hiyohiyo hutangazwa kwenye simu za matajiri wa mjini.

Na hata nauli ikipatikana, kuna la kuulizwa kabla ya kisu. Ngozi nyeusi ina tabia ya kuota kovu la nyama, na sikio ni mojawapo ya mahali kovu hilo linapopenda kuota. Familia yenye watu waliovimba tundu la hereli haina budi kumwambia daktari mapema, kwani mtoto aweza kuingia na sikio lililosimama akatoka na donge.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji kisu wala safari ya Nairobi, na ndilo lisilosemwa sana. Mtoto mchanga huzaliwa na gegedu laini kwa ajili ya homoni za mamake zilizomo damuni mwake. Katika wiki mbili tatu za mwanzo sikio laweza kukunjwa kwa kitu chepesi na plasta, likashikwa hivyo kwa wiki kadhaa, likatulia. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa, maana ngozi ya mtoto huchubuka upesi. Baadhi ya masikio hujirekebisha yenyewe, na mengine hayajirekebishi. Mwaka 2023 serikali ilitoa mikoba ya kazi kwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, watu wapitao nyumba hadi nyumba, Khwisero ikiwamo. Hao ndio wangeweza kumfunua mtoto kilemba katika juma la kwanza na kumwelekeza mama mapema. Kwa sasa mama wengi, baada ya chanjo ya kuzaliwa, hurudi kliniki wiki ya sita, na kufikia hapo gegedu limekwisha kuanza kukaza.